Shajara ya Mradi: Rada ya Kuonya Kambi Kabla Bomu la Mota Halijatua

4 Februari 2025

Leo tumeanza rasmi, nami nimepewa kazi ya kuandika shajara hii. Tuko watatu: mimi ninayeshughulika na saketi na antena, mwenzangu anayeandika programu, na fundi wetu wa chuma ambaye karakana yake ya Temeke tumeigeuza maabara. Kilichotukutanisha ni habari ya Aprili 2024, pale Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilipotangaza kwamba askari watatu wa Tanzania, waliokuwa katika kikosi chake mashariki mwa Kongo, wamefariki na wengine watatu wamejeruhiwa baada ya bomu la mota kuanguka karibu na kambi waliyokuwa wakiishi. Februari ya mwaka huohuo askari wawili wa Afrika Kusini walikuwa wameuawa kwa bomu la namna hiyo katika kambi ya Mubambiro, karibu na mji wa Sake. Nyuma zaidi, Agosti 2013, Mtanzania aliyekuwa mlinda amani wa Umoja wa Mataifa aliuawa kwa kombora huko Kibati, kaskazini mwa Goma.

Mota ni mzinga mfupi unaorusha bomu juu sana ili lishuke kwa mteremko mkali nyuma ya vilima na kuta. Ni silaha rahisi kubeba, na anayeifyatua haonekani na wale anaowalenga. Hata hivyo bomu lake lina udhaifu mmoja unaotupa sisi nafasi: hukaa hewani muda mrefu. Katika muda huo linaweza kuonekana kwa rada, njia yake ikapigiwa hesabu, na king'ora kikalia.

Lengo letu ni kutengeneza kielelezo kidogo kinachopitia hatua zote za kazi hiyo, kuanzia wimbi la redio kugonga kitu kinachoruka mpaka onyo kutolewa, kisha kuyaandika tuliyojifunza kwa Kiswahili ili kijana wa chuo cha ufundi aweze kuyafuata. Tumekubaliana masharti mawili tangu siku ya kwanza. La kwanza, hatutatumia risasi wala baruti ya aina yoyote. Tutarusha mipira ya tenisi. La pili, tutakokotoa mahali bomu litakapoangukia, wala si mahali lilikotoka. Majeshi huhitaji hilo la pili ili kujibu mashambulizi, lakini mtu aliyemo hemani anahitaji la kwanza, na huyo ndiye tunayemfanyia kazi.

15 Februari 2025

Kabla ya kununua kifaa chochote tumekaa na kalamu na karatasi kuhesabu sekunde. Tuchukue bomu linalotoka mdomoni mwa mota kwa kasi ya mita 200 kwa sekunde, kwa pembe ya digrii 45, na kwa sasa tuusahau ukinzani wa hewa. Bomu hilo litapanda kufikia kimo cha mita 1,019, litasafiri mita 4,077, na litakaa hewani sekunde 28.8. Ukinzani wa hewa hupunguza vyote vitatu, ila picha haibadiliki sana: kuna takriban nusu dakika.

Sauti ya mfyatuo, ikisafiri mita 343 kwa sekunde, huufikia umbali huo baada ya sekunde 12 hivi. Kwa hiyo hata sikio peke yake lina sekunde 16 za kuwahi, endapo litasikia na endapo litajua kilichosikika ni nini. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumiwa na mwanafizikia William Lawrence Bragg katika Vita Kuu ya Kwanza, alipopanga vinasa sauti kwenye mstari mrefu nyuma ya mahandaki ya Waingereza na kutumia tofauti za muda wa sauti kufika ili kuitafuta mizinga ya Wajerumani. Lakini sauti hupindishwa na upepo, humezwa na mvua, na katika mapambano ambayo mizinga mingi inalia kwa pamoja hakuna anayeweza kuichambua kwa sikio.

Risasi za bunduki tumeziweka kando, na sababu inafaa kuandikwa. Risasi ya AK-47 hutoka kwa kasi ya takriban mita 715 kwa sekunde. Aliye umbali wa mita 400 hufikiwa katika muda usiozidi sekunde moja, tena kabla ya sauti ya mfyatuo kumfikia. Kwa risasi, kifaa kinaweza kumweleza askari imetoka upande gani ili ajikinge na inayofuata. Mfumo wa Kimarekani wa Boomerang hufanya hivyo kwa vinasa sauti vilivyofungwa juu ya gari. Kumwonya kabla ya risasi ya kwanza haiwezekani. Kwa mota inawezekana.

Jioni nilikwenda Kigamboni kumwamkia mzee mmoja mstaafu wa kikosi cha mizinga, jirani wa marehemu baba yangu. Baada ya marahaba na chai nilimwonyesha hesabu zetu. Alizisoma taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, katika hizo sekunde 28, ni ngapi zitamfikia yule askari?" Sikuwa na jibu. Alinieleza kwamba bomu likipasuka ardhini vipande vyake hutapanyika kwenda pembeni na juu, na ndiyo maana aliyelala kifudifudi ana nafasi kubwa zaidi kuliko aliyesimama, na aliyemo handakini ana nafasi kubwa kuliko wote. Kulala chini huchukua sekunde mbili. Kukimbilia handaki lililo hatua 30 kutoka hemani huchukua sekunde 10 kwa mtu aliyekwisha vaa viatu. Nimeziandika namba hizo mbili kwa chaki ukutani mwa karakana, na kila uamuzi wa kiufundi tutaupima kwa hizo.

2 Machi 2025

Moduli ya kwanza imefika. Ni kibao kidogo cha rada ya Doppler, cha aina inayofungwa kwenye milango inayojifungua yenyewe, kinachotoa wimbi la gigahezi 10.525. Wimbi likigonga kitu kinachosogea, hurudi likiwa na frikwensi (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) iliyobadilika kidogo, na moduli hutoa tofauti hiyo kama mlio. Kwa frikwensi hii kila mita moja kwa sekunde ya kasi huzaa mabadiliko ya hezi 70. Mpira wa tenisi unaokwenda mita 30 kwa sekunde utalia kwa hezi 2,105, mlio ambao sikio la mtu huusikia vizuri, na bomu la mota la mita 200 kwa sekunde lingelia kwa hezi 14,000 hivi. Kadi ya kawaida ya sauti ya kompyuta, inayochukua sampuli 44,100 kwa sekunde, hunasa milio mpaka hezi 22,000, kwa hiyo inatosha. Risasi ya AK-47 ingehitaji hezi 50,000, nje kabisa ya uwezo wake.

Tulipoiwasha kwa mara ya kwanza tulipata mlio mkali wa hezi 100 ambao haukuondoka hata tulipoondoka wenyewe mbele ya rada. Siku nzima tuliutafuta kwenye waya, kwenye betri na kwenye programu. Fundi ndiye aliyeukamata, kwa kuzima taa. Taa za mrija zilizomo karakanani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na gesi inayowaka ndani ya mrija huakisi mawimbi ya redio; rada inaiona kama kitu kinachotikisika. Tangu leo tunafanya vipimo gizani au nje.

14 Machi 2025

Jana wakuu wa nchi za SADC wameamua kumaliza muda wa kikosi chao cha Kongo na kuanza kuwaondoa askari kwa awamu. Tumeijadili habari hiyo asubuhi kwa kirefu, na hatukuona kuwa inapunguza haja ya kazi yetu. Makambi ya walinda amani yapo kwingine, na yatakuwepo.

Leo pia tulikuwa uwanjani kwa mara ya kwanza, kwenye kiwanja cha mpira cha shule moja tuliyoomba ruhusa kuitumia siku isiyo na masomo. Fundi ametengeneza manati kubwa ya bomba la chuma na mipira ya ndani ya tairi, inayofungwa ardhini na kurusha mpira wa tenisi kwa pembe inayopimika. Mwendo wa mchana ulikuwa mgumu. Mpira uliporuka mbele ya rada tuliupata kwa umbali wa mita saba au nane tu, kisha ukazama katika kelele. Mpira wa tenisi ni raba na manyoya, navyo huakisi mawimbi vibaya. Tulipouzungushia karatasi ya alumini ya jikoni umbali uliongezeka na kufikia mita 20 na zaidi. Mpira wa chuma wa kipenyo cha sentimita 6.7 huakisi kama bamba lenye eneo sawa na kivuli chake, yaani mita za mraba 0.0035, na karatasi ya alumini inatosha kuufanya mpira wetu uonekane kuwa wa chuma.

Hapa pana jambo ambalo kila anayeanza kazi hii anapaswa kulielewa kabla hajatoa ahadi kwa mtu yeyote. Nguvu ya mwangwi wa rada hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali, kwa sababu wimbi husambaa likienda na husambaa tena likirudi. Ukitaka kuona mbali mara mbili, unahitaji nguvu mara 16. Kutoka mita 25 zetu mpaka kilomita 2.5 ni mara 100, na mara 100 kwa kipeo cha nne ni mara milioni mia moja. Sehemu kubwa ya pengo hilo huzibwa na antena, kwa maana antena kubwa husaidia mara mbili, wakati wa kutuma na wakati wa kupokea. Nyingine huzibwa na nguvu ya mtambo, na nyingine kwa kuusikiliza mwangwi kwa muda mrefu zaidi. Rada nyingi za kweli za kazi hii hubebwa kwa gari, wala si kwa sababu ya fahari.

Ukubwa wa kitu ukilinganishwa na urefu wa wimbi nao una neno. Kwa gigahezi 10 urefu wa wimbi ni sentimita tatu hivi, na mzunguko wa risasi ya milimita 7.62 ni karibu milimita 24. Risasi iko mpakani. Ukitumia wimbi la sentimita 10, ambalo lina faida kubwa kwa masafa marefu na wakati wa mvua, mwangwi wa risasi huporomoka kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, ilhali bomu la milimita 81 au 120 bado linaonekana.

6 Aprili 2025

Masika yametufungia ndani, hivyo wiki mbili hizi nimesoma historia. Nimeona niandike yale yaliyobadilisha maamuzi yetu tu.

Rada za Vita Kuu ya Pili zilizoelekeza mizinga ya kutungulia ndege, kama SCR-584 ya Marekani, ziligunduliwa kuwa zinaweza pia kuyaona mabomu ya mota yakiruka. Baada ya vita zikaja rada zilizobuniwa mahususi. AN/MPQ-4 ya Marekani na Green Archer ya Uingereza zilitandaza mwale angani katika miinuko miwili, mmoja juu ya mwingine. Bomu lilipoukata mwale wa chini mwendeshaji aliweka alama kwenye kioo, lilipoukata wa juu akaweka alama ya pili, na kwa nukta hizo mbili na muda uliopita kati yake mashine ilikokotoa njia iliyobaki. Zilitegemea macho na mkono wa mtu, na MPQ-4 iliangalia kipande cha digrii 25 tu za upeo. Mwendeshaji aliyepiga chafya alikosa bomu.

Firefinder za kampuni ya Hughes, yaani AN/TPQ-36 na AN/TPQ-37, ziliondoa utegemezi huo. Antena haigeuki, mwale ndio unaorukaruka kwa umeme na kujenga uzio juu tu ya mstari wa vilima, katika upana wa digrii 90. Kitu kikivuka uzio, mwale wa pili hutumwa palepale kuhakikisha, na kikithibitika hufuatwa kwa miale mingine mfululizo huku uzio ukiendelea kulindwa. Mpangilio huu wa kuona, kuhakikisha, kisha kufuata, ndio tuliouchukua.

Kumbukumbu iliyonikalia moyoni zaidi ni ya Sarajevo. Tarehe 28 Agosti 1995 bomu la mota liliangukia soko la Markale na kuua watu 43. Rada ya Cymbeline ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilikuwepo mjini, lakini haikulirekodi bomu hilo. Rada huona pale tu mwale wake unapopita, na mji uliozungukwa na milima una njia nyingi ambazo mwale haupiti. Nimemwambia mwenzangu kwamba katika kila ramani tutakayoichora ya eneo tunaloliona, tuchore kwa rangi nzito zaidi eneo tusiloliona, na ramani hiyo abandikiwe mlinzi wa zamu mbele ya macho yake.

Upande wa onyo lenyewe, katika mji wa Sderot nchini Israeli wakazi hupewa takriban sekunde 15 kufika mahali pa kujikinga, na huko wamejenga vyumba vya zege mpaka kwenye vituo vya basi kwa sababu sekunde hizo hazitoshi kwenda mbali. Rada inayoongoza mitambo ya Iron Dome, inayotungua roketi angani, hukadiria mahali roketi itakapoangukia, na mitambo huachwa bila kufyatuliwa dhidi ya roketi inayoelekea mahali pasipo watu. Mantiki hiyohiyo hutumika kwa ving'ora: eneo linaloonywa likiwa dogo na sahihi, watu huendelea kuliamini onyo. Kambi inayoamshwa mara sita kwa usiku mmoja kwa mabomu yaliyoangukia mtoni kilomita mbili mbali, usiku wa saba haitaamka.

27 Aprili 2025

Tumehamia moduli ya gigahezi 24, inayoweza kufagia frikwensi kutoka 24.00 hadi 24.25. Kwa kufagia tunapata umbali pamoja na kasi. Upana wa gigahezi robo unatuwezesha kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sentimita 60, kipimo kinachotutosha. Moduli ina vipokezi viwili, na tofauti ya awamu kati yao, yaani kila kimoja kimelipata wimbi likiwa wapi katika mzunguko wake, hutuambia wimbi limerudi kutoka upande gani.

Tatizo limejitokeza hapohapo. Vipokezi vimeachana kwa zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, ambayo kwa frikwensi hii ni milimita 6.2, kwa hiyo tofauti moja ya awamu inaweza kumaanisha pembe mbili. Mpira mmoja ulionekana katika sehemu mbili za anga. Tumelitatua kwa kuzuia mwale usitoke nje ya upana ambamo jibu ni moja tu, kwa kuzungushia antena pembe ya bati aliyoikunja fundi, na tumeupunguza uwanja wa kuona. Ni gharama, lakini mpira umerudi kuwa mmoja.

Siku mbili zilipotea kwa unyevu uliopenya kiungo cha waya wa antena. Sasa kila kiungo kinafungwa kwa utepe wa raba kabla ya kutoka nje.

18 Mei 2025

Wiki hizi tatu zilikuwa ngumu na tamu kuliko zote, kwa sababu tumefika kwenye kiini: kuamua kama kinachoonekana ni bomu.

Rada yetu huona kila kitu kinachosogea. Majani ya mwembe wa karibu na kiwanja huyumba kwa upepo na kutoa mwangwi mzito wa kasi ndogo. Matone ya mvua hushuka kwa mita mbili mpaka tisa kwa sekunde. Bodaboda ikipita barabarani kwa mita 15 kwa sekunde inang'aa kuliko mpira wetu mara nyingi. Na kunguru wa Dar es Salaam, ambao hawana uhaba, hupita kwa takriban mita 10 kwa sekunde, mabawa yao yakitikisa mwangwi juu na chini. Kwa siku ya kwanza ya programu ya kugundua tulipata maonyo 63 kwa saa moja, na wala hatukuwa tumerusha mpira hata mmoja.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuweka mipaka ya kasi na nguvu ya mwangwi. Lilisaidia kidogo. Kilichotuokoa ni kuuliza swali la fizikia badala ya swali la takwimu. Kitu kilichorushwa na kuachwa hakina injini wala bawa. Nguvu zinazokigusa ni mbili tu, mvutano wa dunia na ukinzani wa hewa, na zote mbili tunazijua. Nukta nne au tano za mwanzo wa njia yake zinaamua nukta ya sita iwe wapi. Kunguru hubadili nia na bodaboda hukanyaga breki, lakini jiwe halina uamuzi. Programu sasa huchukua nukta za mwanzo, hutabiri inayofuata, na kitu kinachokaidi utabiri mara mbili mfululizo hutupwa. Maonyo 63 yamebaki mawili, na yote mawili ni ya kunguru aliyekuwa akiteleza hewani bila kupiga mabawa.

Hapo ndipo ukinzani wa hewa tuliousahau Februari ulipotudai. Mpira wetu ukirushwa kwa mita 30 kwa sekunde kwa digrii 45, hesabu isiyo na hewa inasema utaanguka mita 92 mbele. Ukweli ni kama mita 40. Mpira wa tenisi una gramu 58 tu na kifua kipana, kwa hiyo hewa huukaba vikali. Hupanda kwa mstari ulionyooka kidogo, hufikia kilele baada ya nusu ya njia, kisha huanguka kwa mteremko mkali kuliko uliopandia. Mwenzangu alikuwa ametumia umbo linalolingana pande zote mbili, na kila utabiri wetu uliangukia nje ya kiwanja. Ameandika upya sehemu hiyo, akifuata njia kwa hatua fupi za sehemu ya mia ya sekunde na kukadiria ukinzani kutokana na jinsi kasi inavyopungua katika nukta za mwanzo zenyewe. Uzuri wa njia hii ni kwamba hatuhitaji kuambiwa ni kitu gani kimerushwa. Mwendo wake hujieleza.

25 Mei 2025

Mzee alikuja karakanani kwa miguu yake. Tulimwonyesha yote, naye akauliza swali ambalo sote tulikuwa tumelikwepa. "Na kilima je? Huko hakuna kiwanja cha mpira."

Tumelifanyia kazi usiku uleule. Mwenzangu alichukua data za miinuko zilizokusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, zinazopatikana bure, akaweka kambi ya kubuni kwenye bonde chini ya milima ya Uluguru. Tumeepuka kwa makusudi kutumia kambi yoyote halisi. Kisha tukarudi kwenye bomu letu la Februari. Aliye kambini huliona likipanda kutoka usawa wa ardhi kuelekea digrii 45. Kama mbele yake pana kilima kinachoziba digrii 17 za anga, bomu litajitokeza juu ya kilima baada ya sekunde 8.8. Tukitumia sekunde tatu kulifuata na moja kukokotoa, askari anabakiwa na sekunde 16. Hizo zinatosha kukimbilia handaki. Kilima kikiziba digrii 30, bomu hujitokeza baada ya sekunde 16.6, na kinachobaki ni sekunde nane. Hizo zinatosha kulala chini tu.

Nilimpigia Mzee simu asubuhi kumsomea namba hizo. Akasema, "Basi mkuu wa kambi ajue hilo kabla hajachimba handaki." Ni kweli, na hatukuwa tumeliona hivyo. Ramani ya vilima inaweza kuamua mahandaki yawe hatua ngapi kutoka mahemani hata kabla rada haijanunuliwa. Tumeiongeza sehemu hiyo kwenye mradi kama kazi inayojitegemea, na huenda ndiyo itakayomfaa mtu mapema zaidi.

15 Juni 2025

Jaribio kamili. Manati ilipangwa mita 40 kutoka kwenye rada, ikielekezwa upande wa rada lakini pembeni mwake, na tulichora ardhini miraba ya mita tano kwa tano iliyowakilisha maeneo ya kambi, kila mmoja na king'ora chake kidogo. Tulirusha mara 40. Rada iliupata na kuufuata mpira mara 31. Katika hizo 31, king'ora cha mraba sahihi kililia mara 24 kabla ya mpira kugusa ardhi, na mara saba kililia cha mraba jirani. Mpira hukaa hewani sekunde tatu na robo hivi, na onyo lilitoka, kwa wastani, sekunde moja na kidogo kabla haujatua. Saa nzima ya kusubiri bila kurusha ilileta onyo moja la uongo.

Mara tisa tulizokosa tumezichunguza moja moja. Sita zilikuwa za mipira ambayo karatasi yake ya alumini ilichanika manatini. Tatu ziliruka nje ya mwale, kwa sababu ya ule uwanja wa kuona tulioupunguza Aprili. Makosa saba ya mraba jirani yote yalitokea upepo wa baharini ulipoanza kuvuma alasiri, na programu yetu haijui upepo. Rada za kweli hupewa taarifa za hali ya hewa kwa sababu hiyohiyo.

Kwa wiki zijazo, fundi ataifunga mipira kwa utepe wa alumini wenye gundi badala ya karatasi ya jikoni. Mimi nitaongeza moduli ya pili iliyogeuzwa pembeni ili miale miwili ipishane. Mwenzangu anaingiza kipimo cha upepo cha vikombe tulichokifunga juu ya goli la kaskazini, na Jumamosi ya tarehe 28 tutarudia mirusho 40 ileile, alasiri, upepo ukiwa mkali.